Usemi wa Watoto Wadogo Michezoni na Nafasi Yake katika Kufikiri na Kujifunza: Mfano wa Kalemie

1.0 Utangulizi

Katika darasa la watoto wadogo, agizo la kunyamaza husikika mara nyingi sana. Mtoto anayepanga vizibo vya chupa huku akijisemea huambiwa afunge kinywa afanye kazi. Mtoto anayebishana na mwenzake juu ya nani awe dereva huambiwa aache maneno acheze. Agizo hilo limejengwa juu ya dhana kwamba kusema ni jambo moja, kucheza ni la pili na kufikiri ni la tatu, na kwamba hilo la tatu hustawi pale mawili ya kwanza yanapokoma.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo haina msingi. Hoja yetu kuu ni kwamba usemi unaoambatana na mchezo ni chombo anachokitumia mtoto kufikiri wakati hajaweza bado kufikiri kimoyomoyo. Ikiwa hivyo ndivyo, basi lugha anayochezea ndiyo lugha anayofikiria, na kumwondolea lugha hiyo siku ya kwanza ya shule ni kumnyang'anya chombo kabla hajamaliza kukiunda. Mfano wetu ni mji wa Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tumeuchagua mji huo kwa sababu hapo zinakutana lugha tatu za kujifunzia: Kiswahili kinachosemwa uani na ufukoni, Kiswahili sanifu cha vitabuni na Kifaransa cha shule na ofisi.

Tutaeleza kwanza hali ya Kiswahili mjini Kalemie, kisha tutapitia nadharia za usemi wa mtoto, tuzichambue kazi za usemi huo michezoni, na mwisho tuangalie mambo hayo yanamdai nini mwalimu.

2.0 Kalemie na Kiswahili Chake

Kalemie uko kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, karibu na mahali ambapo mto Lukuga hutoka ziwani kuelekea Lualaba. Kiswahili kilifika pwani hiyo kabla ya utawala wa Wabelgiji, kwa njia ya misafara ya biashara iliyovuka ziwa kutoka Ujiji katika karne ya 19. Wamisionari wa Shirika la White Fathers walikabidhiwa kituo cha Mpala, kusini mwa Kalemie, mwaka 1885, na Kiswahili kikapata nafasi katika mafundisho ya dini na ya shule. Ngome ya Albertville, ambayo ndiyo asili ya mji wa leo, ilianzishwa mwaka 1891. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, na pamoja na bandari ikakusanya wafanyakazi wa makabila mengi: Watabwa, Waholoholo, Waluba, Wahemba, Wabembe na wengineo. Watu hao walihitaji lugha moja ya kuelewana, na lugha hiyo ikawa Kiswahili.

Kwa hiyo watoto wengi wa mji huu hawakipati Kiswahili kwa mwalimu. Wanazaliwa wakikisikia. Hata hivyo, Kiswahili wanachokisikia si kile cha vitabuni. Ni tawi la Kiswahili cha Kongo, ambamo husikika batoto mahali pa watoto, iko mahali pa ni, ka- na tu- kwa vitu vidogo, bukari kwa maana ya ugali na sombe kwa maana ya kisamvu. Upatanisho wa ngeli ndani yake umepunguzwa, na maneno mengi ya Kifaransa yamepata makao humo. Wapo wanaokiita Kiswahili hicho kibovu. Kwa madhumuni ya makala haya, swali si uzuri wa lahaja hiyo, bali ni kazi gani mtoto huifanya kwa kuitumia.

3.0 Usemi wa Kujisemea

Lugha yetu ina neno linalofaa sana kwa jambo tunalolichunguza. Kutokana na kitenzi sema tunapata semea, na tukiongeza kirejeshi -ji- tunapata kujisemea. Anayejisemea ni msemaji na ni msemewa pia. Wataalamu wa saikolojia walihitaji miaka mingi ya mjadala kuamua kama hali hiyo ya mtoto ni dalili ya upungufu au ni dalili ya ukuaji.

Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, alichapisha mwaka 1923 kitabu juu ya lugha na fikra za mtoto. Aliwachunguza watoto wa shule ndogo ya Geneva na akaona kwamba sehemu kubwa ya maneno yao hayakumlenga mtu yeyote. Aliuita usemi huo wa kujilenga nafsi, akaueleza kuwa ni dalili kwamba mtoto bado hajaweza kujiweka mahali pa msikilizaji. Kwa maoni yake wakati huo, usemi huo huandamana tu na kitendo, na mtoto anapozoea kuishi na wenzake, hunyauka na kutoweka.

Lev Vygotsky, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1934, aliupinga ufafanuzi huo katika kitabu chake Fikra na Usemi kilichotoka mwaka aliofariki. Yeye na wenzake waliwawekea watoto vikwazo katika kazi zao: mtoto anataka kuchora, lakini penseli inayotakiwa haipo. Waliona kwamba palipo na kikwazo, usemi wa kujilenga nafsi uliongezeka karibu mara mbili. Kama usemi huo ungekuwa kelele tu, usingeongezeka hasa pale akili inapotakiwa kufanya kazi. Vygotsky alitoa mfano wa mtoto wa miaka mitano na nusu aliyekuwa akichora tramu. Penseli ilipomvunjikia alisema kwa sauti ndogo kwamba imevunjika, akaiweka kando, akachukua rangi za maji na kuchora tramu iliyovunjika baada ya ajali. Maneno yaliyotoka kinywani yaligeuza mwelekeo wa kazi yote.

Vygotsky alihitimisha kwamba usemi huo haufi, bali huzama. Mtoto hupokea usemi kwa watu, huutumia kwao, kisha huanza kuutumia kwake mwenyewe kwa sauti, na mwisho sauti hukatika na usemi hubaki ndani kama fikra. Mtu mzima anayehesabu fedha kwa kunong'ona, au anayejiambia "taratibu" anapobeba sufuria ya moto, anaurudia kwa muda ule usemi wa utotoni. Mtoto tunayemnyamazisha bado hana pahala pengine pa kufikiria.

Ushahidi mwingine ulitolewa na mwanafunzi wa Vygotsky, Alexander Luria, pamoja na mwenzake F. Yudovich. Waliwachunguza mapacha wa miaka mitano ambao, kwa kuwa walikuwa pamoja wakati wote, walielewana kwa vilio, ishara na maneno machache ya kwao wenyewe. Michezo yao ilikuwa ya kurudiarudia: walihamisha vitu na kuvigusagusa, lakini hawakuweza kuamua kujenga kitu fulani na kukijenga. Walipotenganishwa katika makundi mawili ya shule ya watoto, kila mmoja alilazimika kusema na wengine. Baada ya miezi mitatu usemi wao ulikuwa umeendelea sana, na pamoja na usemi mchezo wenyewe ulibadilika: wakaanza kutangaza nia, kuvipa vitu maana na kushika mpango hadi mwisho. Uchunguzi wa watoto wawili haumalizi mjadala, lakini unaonyesha wazi jinsi mchezo wenye mpango unavyouhitaji usemi.

4.0 Kazi za Usemi Katika Mchezo

Sasa tuangalie usemi huo unafanya nini hasa. Mifano ya maneno tunayoitoa hapa tumeiunda sisi kwa kufuata sarufi ya Kiswahili cha Kongo.

4.1 Kukipa kitu maana mpya

Katika mhadhara wake wa mwaka 1933 juu ya mchezo, Vygotsky alieleza kwamba mtoto anayepanda fimbo akaiita farasi anafanya jambo kubwa: anaitenga maana na kitu. Kabla ya hapo, jina limeshikamana na kitu kama rangi yake. Katika mchezo, maana hubanduliwa kwenye kitu kimoja na kupachikwa kwenye kingine, na kinachofanya kazi hiyo ya kubandua ni neno.

Ufukoni Kalemie, ambako wavuvi wa dagaa huenda ziwani usiku wa giza wakiwa na taa, mtoto haoni shida kupata cha kuigiza. Atasema, "Hii sanduku iko boti. Mi niko kapiteni, we uko mutu ya kuvuta wavu." Katika sentensi hizo fupi amefanya mabadiliko matatu ya maana, na mwenzake ameyakubali. Kuanzia hapo sanduku litaheshimiwa kama boti, na atakayetoka nje yake bila kuogelea atakuwa amevunja sheria. Uwezo huu wa kukubaliana kwamba kitu fulani kisimame badala ya kingine ndio utakaohitajika baadaye, mtoto atakapoambiwa kwamba alama A ni sauti na alama 5 ni idadi. Anayejua kwamba sanduku laweza kuwa boti amekwisha pata nusu ya somo la kusoma.

4.2 Kupanga

Vygotsky aliona pia kwamba mtoto mdogo huchora kwanza, kisha hutazama alichochora na kukipa jina. Akikua kidogo, hukitaja kazi ikiwa katikati. Akikua zaidi, hutaja kwanza, ndipo huchora. Neno limesafiri kutoka mwisho wa kitendo hadi mwanzo wake, na kwa safari hiyo limegeuka kutoka lebo kuwa mpango.

Safari hiyo huonekana katika mchezo wa kupikapika. Umbo la neno lenyewe linafundisha: kurudufu kitenzi kunatuambia kwamba si kupika kwenyewe, bali ni kupika kwa mfano. Mtoto wa miaka miwili huchota mchanga, akaumwaga, akasema "bukari". Wa miaka minne husema kabla hajagusa mchanga: tutateka maji kwanza, kisha tutawasha moto, bukari ikiiva tutawaita wageni. Vitambulishi vya wakati -ta-, -ki- na -sha- au -mesha- vinapata kazi halisi, kwa sababu bila kupanga lipi litangulie na lipi lifuate mchezo hauendi. Mwalimu wa sarufi atakuja kufundisha masharti na wakati ujao kwa taabu, na huku mtoto alivitumia uani kabla hajajua kuandika jina lake.

4.3 Kutambua mtenda na mtendewa

Hapa Kiswahili kina utajiri usiopatikana katika kila lugha. Mwanasesere, awe wa dukani au wa gunzi la mhindi lililofungwa kitambaa, hawezi kufanya lolote mwenyewe. Halali, hulazwa. Hali, hulishwa. Haogi, huogeshwa. Havai, huvishwa. Anapolia hubembelezwa na kunyamazishwa, na asubuhi huamshwa. Mama mdogo wa mchezo huo hujikuta akihitaji kauli ya kutendesha karibu katika kila sentensi: nimemulaza, nitamulisha, usimuamushe. Akimpikia hutumia kauli ya kutendea, na wakigombana na jirani juu ya mtoto huyo hutumia kauli ya kutendana.

Kila mnyambuliko ni swali la fikra: nani ametenda, nani ametendewa, kwa faida ya nani, kwa chombo gani? Mtoto anayetofautisha lala na laza ametofautisha tukio na kisababishi chake. Si lazima tuseme kwamba sarufi humfikirisha mtoto kwa nguvu, lakini mchezo humpa sababu ya kuzitafuta tofauti hizo, na lugha humpa viungo vidogo vya kuzishika.

4.4 Kugawana nafasi na kupatana

Ubishi wa watoto juu ya nani awe nani humchosha mtu mzima, lakini ndiyo sehemu ya mchezo yenye mantiki nzito kuliko zote. "Boti haiwezi kwenda, mazuti imeisha," atasema mmoja, mazuti yakiwa ni dizeli. Mwenzake ama atakubali na kutafuta mafuta, ama atadai kwamba boti hii ni ya kasia. Kila mmoja ametoa hoja kutokana na sheria za ulimwengu waliouunda pamoja. Ili mchezo usivunjike, mtoto hana budi kujua mwenzake anadhani nini, kueleza sababu na kukubali kushindwa. Hayo hayawezekani kimya.

4.5 Kuhesabu

Mchezo wa soko ni wa kawaida katika mji wa samaki. Kokoto hugeuka dagaa, zikagawanywa mafungu. Fungu dogo huongezwa, kubwa hupunguzwa, na mnunuzi hudai nyongeza. Mtoto anasema anachokifanya: hili moja, hili mbili, haya hayako sawa. Watu wazima wa Katanga nao wana kisolo, mchezo wa mashimo na kete wa jamii ya bao, na mtoto anayechimba vishimo mchangani kuwaiga hulazimika kuhesabu kwa sauti.

Jambo moja la lugha linafaa kutajwa. Kumi na moja, kumi na mbili ni maneno yanayojieleza: mtoto anasikia ndani yake kumi na kile kilichozidi. Katika Kifaransa, maneno ya kuanzia 11 hadi 16 hayaonyeshi kumi waziwazi. Kiswahili sanifu nacho hufifisha uwazi huo kwenye makumi, kwa kuwa ishirini, thelathini na arobaini ni maneno ya asili ya Kiarabu ambayo ni lazima yakaririwe. Lakini makumi mbili na makumi tatu, yanayosikika katika Kiswahili cha Kongo, yanaendelea kuwa wazi. Katika jambo hili, lahaja inayodharauliwa inamweleza mtoto muundo wa hesabu kuliko lugha mbili zinazosifiwa. Wakati huohuo bei za sokoni Kongo hutajwa mara nyingi kwa Kifaransa, na mtoto muuzaji huziiga hivyo hivyo. Mchezo, basi, huzikutanisha lugha zote alizonazo.

5.0 Nafasi ya Mtu Mzima na ya Watoto Wakubwa

Maandishi mengi ya Ulaya na Marekani humweka mama katikati: mama akae chini, acheze na mtoto, amuulize maswali. Desturi za Afrika Mashariki na Kati ni tofauti. Robert LeVine na wenzake, katika kitabu cha mwaka 1994 juu ya malezi ya Wagusii wa Kenya, walionyesha kwamba mama wa Kigusii alijishughulisha zaidi na afya na utulivu wa mtoto mchanga kuliko na mazungumzo naye, na kwamba mtoto alijifunza mengi kwa ndugu na wenzake. Bame Nsamenang wa Kamerun, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alieleza vivyo hivyo kwamba kundi la watoto ni shule kamili katika jamii nyingi za Kiafrika. Kwa upande wa Katanga, mmisionari Théodore Centner alikusanya michezo ya watoto wa jimbo hilo katika kitabu kikubwa kilichochapishwa mjini Élisabethville, ambao ndio Lubumbashi ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kitabu hicho ni ushahidi kwamba michezo hiyo ilionekana mapema kuwa sehemu ya malezi.

Kwa hiyo, si sahihi kumwambia mama wa Kalemie, anayeanika dagaa tangu alfajiri, kwamba mtoto wake hatafikiri asipocheza naye yeye. Dada wa miaka tisa aliyeachiwa wadogo zake anafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo: anataja vitu, anasahihisha, anagawa nafasi. Kinachohitajika ni kwamba kundi hilo liwe na muda, mahali salama na ruhusa ya kusema.

Hata hivyo mtu mzima ana lake la kuongeza, hasa katika shule ya awali. Mfano mzuri unatoka kwa Waswahili wenyewe. Mpango wa shule za awali za madrasa ulianza Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Walimu walikuwa wanawake wa jamii husika. Vifaa vilikuwa vifuu, kokoto, vizibo na majani. Mpango ulikopa pia utaratibu wa HighScope wa Marekani, ambao una hatua tatu: mtoto anasema anataka kucheza nini, anacheza, kisha anasimulia alichofanya. Tukiuangalia kwa macho ya Vygotsky, utaratibu huu unamsaidia mtoto kulisogeza neno kutoka mwisho wa kitendo hadi mwanzo wake.

Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha mwaka 2008 tathmini ya shule hizo katika Afrika Mashariki. Watoto waliopitia shule za awali walionyesha maendeleo makubwa ya kiakili kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa shule za madrasa waliwapita wenzao wa shule nyingine za awali. Shule hizo zilitofautiana kwa mambo mengi, kwa hiyo hatuwezi kuhesabu mafanikio yote kuwa ni ya mazungumzo ya mchezoni. Lakini tunaweza kusema kwamba shule iliyoruhusu mtoto aseme, acheze na asimulie haikumpunguzia elimu.

6.0 Mipaka ya Ushahidi

Ni wajibu wetu kutodai zaidi ya kinachojulikana. Angeline Lillard na wenzake walipitia mwaka 2013 tafiti nyingi juu ya mchezo wa kuigiza, wakahitimisha kwamba haujathibitika kuwa ndio chanzo pekee au cha lazima cha akili na ubunifu. Upande ambao ushahidi ulionekana kuwa na matumaini zaidi ni wa lugha na usimulizi. Nao Rachel Romeo na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 juu ya watoto wa Marekani wa miaka minne hadi sita, waliona kwamba idadi ya zamu za mazungumzo kati ya mtoto na mtu mzima ilihusiana na utendaji wa sehemu za ubongo zinazoshughulikia lugha, kuliko wingi wa maneno aliyoyasikia tu. Fundisho ni kwamba kummwagia mtoto maneno hakutoshi. Kinachofaa ni mazungumzo ya kupokezana, naye awe na zamu yake.

7.0 Lugha ya Mchezo na Lugha ya Darasa

Sheria ya elimu ya Kongo ya Februari 2014 inazitambua lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa lugha za kufundishia na pia masomo, pamoja na Kifaransa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa katika Katiba ya mwaka 2006. Kwa karatasi, basi, mtoto wa Kalemie analindwa. Tatizo liko kati ya karatasi na mkeka wa darasani. Mzazi anayelipa karo ya shule ya awali mara nyingi anataka asikie Kifaransa jioni, na mwalimu anayetaka kumridhisha hufundisha mashairi ya kukariri. Mtoto anajua kuyatamka, lakini hawezi kuyatumia kubishana, kupanga wala kujisemea. Darasani amekuwa hodari wa kurudia, na fikra zake ameziacha nje ya mlango.

Hatari ya pili hutoka kwetu, wapenzi wa Kiswahili. Mwalimu anaweza kukifukuza Kifaransa mlangoni akaingiza dirishani Kiswahili sanifu kwa ukali uleule. Mtoto akisema "Hii iko boti", akikatizwa ili arekebishe iko, boti imezama. Njia iliyo bora ni kuipokea maana na kuirudisha kwa umbo jingine: "Naam, hii ni boti. Inakwenda wapi? Imebeba nini?" Mtoto amesikia ni bila kuaibishwa, na mchezo umesonga mbele. Kiswahili sanifu ni mali kwake, hasa tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na kwa kuwa Kigoma iko ng'ambo tu ya ziwa. Lakini mali huongezwa juu ya mtaji. Mtaji wa mtoto huyu ni lugha ya uani.

Jambo hili ni zito zaidi kwa watoto waliohamishwa na vita. Mapigano kati ya Waluba na Watwa, yaliyopamba moto kuanzia mwaka 2016, yaliwakimbiza mamia ya maelfu ya watu katika jimbo la Tanganyika, na wengi walikuja kukaa makambini kandokando ya Kalemie. Kwa mtoto aliyefika mjini na lugha ya kijijini kwao, mchezo ndio mlango wa kwanza wa Kiswahili: hapo neno huja pamoja na kitendo, na kukosea si aibu. Ni mlango pia wa kukutana na mtoto wa upande ambao wazazi wake wamefundishwa kuuogopa. Watoto wa namna hii huweza kucheza kukimbia, kujificha na kuchomewa nyumba. Mtu mzima asiharakishe kukataza. Akae karibu, asikilize, na aulize kwa upole: na baada ya hapo walikwenda wapi, nani aliwapokea? Swali kama hilo humpa mtoto nafasi ya kuiendeleza hadithi zaidi ya pale ilipokwama.

Mwalimu mwenye watoto wengi darasani anaweza kuanza na mambo madogo. Awagawe katika makundi ya watu wanne au watano. Kila kundi litaje kabla ya kucheza litacheza nini. Azungukie kundi moja kila siku, aingie kwa nafasi ndogo, kama mnunuzi au abiria, na aulize maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana. Mwishoni, mtoto mmoja kutoka kila kundi asimulie. Vifaa vyake ni mchanga, magunzi, vizibo na maboksi. Gharama kubwa ni moja tu: kuvumilia sauti.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba usemi wa mtoto mchezoni huvipa vitu maana mpya, hupanga vitendo, hutenganisha mtenda na mtendewa, hujenga hoja na huhesabu, na kwamba ndio unaozama baadaye ukawa fikra ya ndani. Tumeona vilevile kwamba mjini Kalemie kazi hiyo yote hufanywa kwa Kiswahili ambacho shule haijakitambua vya kutosha.

Wataalamu wa Kiswahili tuna deni hapa. Tumekusanya misamiati ya wavuvi, ya wahunzi na ya washairi, lakini usemi wa watoto wa miaka mitatu hadi sita, hasa upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, haujakusanywa kwa kiasi unachostahili. Kazi hiyo haihitaji mitambo mikubwa: inahitaji kinasa sauti, idhini ya wazazi na subira ya kukaa chini. Sarufi ya watoto hao ikiandikwa, mwandishi wa vitabu vya shule ya awali atajua aanzie wapi, na mwalimu atakuwa na sababu ya kitaalamu ya kuliacha darasa lake liseme.